Vumbi kwenye banda la useremala nyumbani: tengeneza njia ya hewa kabla ya kulaumu mota

Banda langu liko uani, mita nne kwa tano, na kamba ya nguo imepita mlangoni. Kwa hiyo mashine ya kunyonya vumbi niliinunua kwa ajili ya amani ya nyumbani. Afya nilikuja kuiwaza baadaye. Siku hiyo shuka jeupe lilianuliwa likiwa na rangi ya mninga, nikaambiwa nichague moja. Nikaleta mashine ya nguvu farasi mbili, nikaifunga kwenye msumeno wa meza kwa mpira wa mita sita uliojikunja kama utumbo, nikawasha. Ilinguruma vizuri sana. Vumbi likabaki pale pale.

Mota haikuwa na kosa. Niliinyima njia.

Kwanza tuelewane adui ni nani. Maranda hayana neno, yanaanguka chini na unayafagia. Kinachoumiza ni ule unga laini wa chini ya mikroni 10, wakati unywele wa mtu una kama 70. Huo unaelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na wewe ndipo unapovua barakoa ukanywe chai. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Ukipasua mvule au mpingo, ngozi na macho yatakuwasha kabla hujafikiria saratani. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, nayo inakuja na gundi yake.

Hatua ya 1: Itazame hewa

Fagia banda, hakikisha mashine ya kunyonya haina kitu ndani, iwashe, kisha washa kijiti cha udi. Usikipeleke mdomoni kabisa mwa bomba, maana cheche ikinyonywa umejitafutia moto. Shika udi pembeni, uache moshi tu ndio usogee. Karibu na mdomo moshi unakatika na kuingia kama umevutwa na kamba. Rudi nyuma kiasi cha upana wa bomba lenyewe, yaani sentimita 10 kwa bomba la inchi 4: moshi unapanda juu taratibu, hauna habari na wewe. Umbali huo mdogo tu umekula karibu sehemu tisa kati ya kumi za mwendo wa hewa. Mimi bomba langu lilikuwa limening'inia sentimita 30 kutoka kwenye msumeno.

Hatua ya 2: Lizingire vumbi linapozaliwa

Chini ya msumeno wa meza tengeneza sanduku la plaiwudi lenye sakafu ya mteremko, na tundu la inchi 4 mahali pa chini kabisa. Ziba mianya mikubwa lakini usizibe yote, kwa sababu hewa isipopata pa kuingilia haiwezi kutoka. Juu ya meno ya msumeno weka kikofia chenye bomba lake dogo la inchi 2, kwa kuwa vumbi linalokupiga usoni linatoka huko juu. Mashine ya msasa ya mkononi iunganishe na vakyumu ya kawaida: yenyewe inataka mvuto mkali kwenye mpira mwembamba. Randa na msumeno wa meza vinataka hewa nyingi. Usichanganye.

Hatua ya 3: Pipa la kutenganisha

Hapa ndipo fedha yako inafanya kazi. Tafuta pipa la plastiki la lita 120 lenye mfuniko wa kubana kwa pete. Liweke kati ya mashine za mbao na feni ya mashine ya kunyonya, ili maranda yasifike kwenye feni.

Toboa ubavuni, karibu na mfuniko, uingize bomba la inchi 4 likiambaa ukuta wa pipa, lisielekee katikati. Hewa itazunguka ndani. Katikati ya mfuniko weka bomba la kutokea, liingie ndani kama sentimita 5. Chini kidogo ya bomba la kuingilia ning'iniza duara la plaiwudi kwa boliti ndefu. Ukingo wake ukate mwanya wa sentimita 3 kwa theluthi mbili za mzunguko. Theluthi isiyokatwa ikae pale hewa inapoingilia. Maranda yanazunguka yakisugua ukuta, yanadondokea kwenye mwanya, na hewa chini ya duara imetulia, hayapandi tena.

Viungo vyote paka silikoni. Uvujaji mdogo tu kwenye mfuniko unafufua vumbi lililokwisha tua. Halafu weka kijidirisha cha plastiki angavu ubavuni. Mimi sikuweka. Pipa lilijaa hadi kwenye duara, na maranda yote ya siku mbili yakapita moja kwa moja hadi kwenye feni.

Ndoo ya rangi ya lita 20 usiijaribu na mashine kubwa: mpira ukiziba, ndoo inafinyangika kama kopo la soda.

Hatua ya 4: Mabomba

Kwa njia kuu tumia PVC ya maji taka, inchi 4, tangu mwanzo hadi mwisho. Bomba la inchi 2 lina robo tu ya nafasi ya hilo. Ili maranda yasilale njiani, hewa inahitaji mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde, ambao kwenye inchi 4 ni kama mita za ujazo 570 kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la mashine kwa kawaida imepimwa bila bomba lolote, basi ipunguze kichwani.

Mpira wenye mikunjo uwe mfupi uwezavyo. Badala ya kona ya digrii 90, tumia mbili za 45 na kipande kifupi katikati. Usigundishe viungo, vifunge kwa tepu, siku bomba likiziba utashukuru.

Hatua ya 5: Hewa itoke nje

Wenzetu wa nchi za baridi wanachuja hewa na kuirudisha ndani wasipoteze joto. Sisi joto la nini? Mfuko wa kitambaa uliokuja na mashine huwa unapitisha unga ule ule tunaoukimbia, unaupulizia tu kwa kasi. Toboa ukuta, elekeza bomba juu, mbali na dirisha la jirani na kamba ya nguo. Upande wa pili wa banda acha dirisha wazi hewa iingie.

Barakoa ya N95 bado vaa, na usiivue mara tu unapozima.

Pipa limwage nje kila jioni, hasa ukipasua mbao za paleti, kwani msumari uliogongwa unaweza kuwa umetuma cheche ndani ikaungua kimyakimya usiku. Mfuga kuku akija kuomba maranda, mpe ya mbao tupu. Ya MDF na ya mbao zilizotiwa dawa nayafunga kwenye kiroba cha peke yake, nimekiandika kwa wino mwekundu.