Somo: Kuhifadhi bastola ndani ya gari lililoegeshwa

Somo hili linawahusu wenye cheti cha kumiliki silaha ambao shughuli zao huwalazimu kutembea na bastola mjini, kama vile wafanyabiashara wanaopeleka mauzo benki au wasimamizi wa mashamba wanaobeba mishahara ya vibarua. Asiye na cheti hana haja ya kuuliza aiweke wapi, kwa sababu Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamkataza kuwa nayo kabisa.

Tatizo letu huanzia langoni. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 yaliyolipuka Kyadondo na Kabalagala na kuua watu zaidi ya 70, kupekuliwa kabla ya kuingia katika jengo la maduka, hoteli au benki jijini Kampala kumekuwa jambo la kila siku. Mwenye bastola hufika langoni, askari humwambia kwa heshima kwamba silaha haiingii, naye hurudi garini kwa haraka, akaitumbukiza katika droo ya dashibodi mbele ya macho ya waegeshaji, wachuuzi na vijana wa boda waliokaa kivulini. Droo ile hufunguka kwa bisibisi, na hata isipofunguka, aliyeona ameshaona.

Hatua ya kwanza, basi, hufanyika nyumbani. Pitia ratiba ya siku yako, na ikiwa sehemu kubwa ya siku utakuwa mahali ambapo silaha haiingii, iache ndani ya sefu ya nyumbani. Gari ni mahali pa kuiweka kwa dakika chache, pengine saa moja au mbili, unapokuwa huna njia nyingine.

Hatua ya pili ni kisanduku chenyewe. Nunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, ambacho kinaweza kukazwa kwa boliti kwenye sakafu ya gari au kufungwa kwa kebo ya chuma. Boliti ni bora, kwa kuwa kebo nyembamba hukatwa kwa mkasi wa chuma, ingawa humchelewesha mwizi aliyekuja na jiwe la kuvunjia kioo tu. Ukitumia kebo, izungushe kwenye fremu ya kiti iliyokazwa sakafuni, kisha uvute kwa nguvu zako zote uone kama kuna kitu kinachochomoka. Mimi mwenyewe niliwahi kuifunga kwenye nguzo za kiegemeo cha kichwa, nikajisifu wiki nzima, hadi mwanangu wa miaka tisa alipobonyeza kitufe na kukitoa kiegemeo pamoja na kebo yake.

Kuhusu kufuli, napendelea ya funguo au ya namba za kubonyeza. Ile ya alama ya kidole inavutia, lakini kidole chenye jasho, vumbi la njiani au mafuta ya chakula mara nyingi hukataliwa, na betri yake huchoka ndani ya gari linalopikwa na jua. Ufunguo wa kisanduku usikae katika pete moja na ufunguo wa gari. Fundi, mwoshaji wa magari na mwegeshaji wa hotelini wote hukabidhiwa ufunguo wa gari, na ukiwapa pete nzima umewapa na bastola.

Hatua ya tatu ni mahali pa kukiweka. Magari mengi tunayoendesha yalitumika kwanza Japani, na kila umbo lina udhaifu wake. Gari dogo la saluni lina buti iliyofungwa, jambo ambalo ni zuri, lakini mara nyingi pembeni mwa kiti cha dereva pana kishikio kinachofungua buti hiyo, kwa hiyo aliyevunja dirisha anaweza kuifikia bila taabu; pengine hata viti vya nyuma vinalala na kumfungulia njia. Gari la familia lenye mlango mkubwa wa nyuma halina buti iliyofungwa hata kidogo, na hapo chini ya kiti cha dereva, kisanduku kikiwa kimekazwa sakafuni, ndipo penye nafuu. Papaseni kwa mikono yenu kabla ya kukata shauri.

Hatua ya nne ndiyo inayohitaji utulivu. Simama mahali pa faragha kabla ya kufika unakokwenda, wala si katika maegesho yenyewe. Elekeza mdomo wa bastola upande usio na mtu, weka kidole mbali na triga, toa magazini (kibebeo cha risasi) kwanza, na baada ya hapo tu vuta sehemu ya juu nyuma ili risasi iliyo katika chemba, yaani ile iliyo tayari kufyatuliwa, itoke. Ukigeuza mpangilio huo, risasi ya kwanza itatoka na magazini itaingiza nyingine, nawe utaamini kwamba silaha ni tupu. Angalia chemba kwa macho, kisha hakikisha kwa ncha ya kidole. Bastola iingie kisandukuni ikiwa ndani ya mkoba wake unaofunika triga, na magazini ikae mahali pengine panapofungwa.

Risasi ileile ikiingizwa na kutolewa chembani kila siku, kichwa chake husukumwa taratibu ndani ya ganda, na siku ikifyatuliwa shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Isimamishe kando ya risasi mpya. Ikiwa imekuwa fupi, usiitumie tena.

Hatua ya tano ni fupi: funga milango, kisha vuta kishikio kwa mkono. Wezi wa maegesho wana vifaa vinavyozuia mawimbi ya rimoti, ukadhani umefunga kumbe mlango uko wazi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mbarara: Afande, nyumba yangu ina ukuta na askari wa usiku. Je, naweza kuiacha garini hadi asubuhi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ukuta hulinda dhidi ya wa nje, ilhali gari lako hufikiwa pia na anayelifagia na anayeliosha. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, mkataba wa kudhibiti silaha ndogo ambao Uganda ni miongoni mwa nchi zilizoutia saini, inataka silaha za raia zihifadhiwe salama, na kuiacha garini usiku mzima hakuwezi kuitwa hivyo.

Mwanachama wa Gulu: Afande, jua la huku ni kali. Risasi haziwezi kulipuka zenyewe ndani ya gari?

Jibu: Joto la gari lililoegeshwa juani linaweza kupita nyuzi 50, lakini hilo halitoshi kuwasha baruti. Madhara yake ni ya polepole: risasi zinazopashwa na kupoa kwa miezi mingi hudhoofika. Mimi huogopa zaidi mvua za Machi hadi Mei, kwa sababu sponji iliyo ndani ya kisanduku hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma. Futa bastola kwa mafuta kidogo, na weka pakiti za kukausha unyevu.

Mwanachama wa Mbale: Shikamoo Afande. Mimi ni mama, nawapeleka watoto shule kwa gari hilohilo. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Siku za kuwapeleka watoto bastola ibaki katika sefu ya nyumbani. Ikilazimika kuwemo, namba za kufungulia zisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto yeyote, maana hizo ndizo watakazojaribu kwanza, na usikifungue kisanduku mbele yao.

Mwanachama wa Jinja: Natumia pikipiki. Sanduku la nyuma linafaa?

Jibu: Halifai.

Mwanachama wa Kampala: Je, nikikuta dirisha limevunjwa na kisanduku hakipo?

Jibu: Usiguse kitu wala usilisogeze gari, kwa sababu huenda alama za vidole zimebaki. Mwachie mtu unayemwamini alinde, nenda kituo cha polisi kilicho karibu saa hiyohiyo, toa namba ya silaha na cheti chako, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu kutoka katika kitabu cha matukio. Ndiyo maana cheti hakipaswi kulala ndani ya kisanduku pamoja na bastola. Kikae mfukoni mwako, na namba ya silaha iandikwe pia katika daftari lililoko nyumbani.