Somo: kukadiria jamii zenye teknolojia kwenye galaksi yetu, kwa kalkuleta ya simu

Hesabu hii aliitoa Frank Drake 1961 kule Green bank, Marekani, mwaka mmoja baada ya kutegea antena nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, asisikie kitu.

Hatua 1. Nyota ngapi zinazaliwa kwa mwaka kwenye galaksi? Weka 2. Msianze na zile bilioni 100 na ushee zilizopo, ntaeleza chini.

Hatua 2. Zenye sayari: zamani ilikuwa kubahatisha tu ila tangu darubini ya Kepler irushwe 2009 tunajua karibu kila nyota inazo, so weka 1. Sayari zinazofaa kuwa na maji, mi naweka 0.2, yani moja kwa kila nyota tano. Zidisha, mpaka hapa 0.4.

Hatua 3, hapa ndo kwenye ubishi. Uhai kuanza 0.5, kupata akili 0.1, wenye akili kuunda redio 0.5. Hizi zangu, wewe weka zako, maana mfano tunao mmoja tu, dunia hii, na hata hapa uhai ulikaa zaidi ya miaka bilioni 3 bila wa kushika redio. Zidisha zote: 0.01, yani jamii mpya moja kila miaka 100.

Hatua 4. Zidisha kwa miaka ambayo jamii inadumu hewani, yani ikirusha mawimbi ya redio. Ikidumu 10,000 zipo 100 kwa pamoja. Ikidumu 100, ipo 1, na huenda ndo sisi. Kwa hizi namba zangu, jibu linategemea miaka hii.

MASWALI

– Mwalimu kwa nini tusianze na hizo bilioni 100?
– Nenda pale Mama Ngina, Mombasa, jioni kwa muuza viazi karai, wakija watu 2 kila dakika na kila mtu akae dakika 10, utawakuta kama 20. Waliokwisha kula wakaenda zao huwahesabu.

– Nimeweka uhai 0 ikatoka 0 😂
– Huwezi dada, sisi tupo! Weka 0.000001 ukitaka.

– Wakiwa 100 mbona kimya?
– Galaksi upana wake kama miaka nuru 100,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka), ukiwatawanya humo jirani yuko maelfu ya miaka nuru, salamu iende jibu lirudi jamii yenyewe ishakaribia kuzima. Ule ujumbe wa redio wa 1974 kutoka darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ulielekezwa M13, kundi la nyota lililo miaka nuru kama 25,000, piga hesabu mwenyewe.

– Na San Marco hapo Malindi walikuwa wakiwatafuta hawa?
– La, pale palikuwa pa kurushia setilaiti. Ile Uhuru ilirushwa Jamhuri dei ya 1970, kazi yake eksirei za angani.