Adapta na betri ya sola kwenye ruta moja

Wenye maduka ya stesheni hapa Tanga huniletea ombi lilelile: umeme ukikatika, intaneti isikatike, maana betri ya sola ya taa ipo na imejaa. Nawafanyia. Vifaa ni diodi tatu, fyuzi na waya.

Usikutanishe chanya ya adapta na chanya ya betri moja kwa moja eti kwa sababu zote zimeandikwa volti 12. Pima kwanza. Adapta itakupa 12.1 hivi, betri ya risasi iliyojaa na kutulia, 12.7, na jua likiwaka kidhibiti cha sola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, huweza kuipandisha hadi 14.4. Vyanzo viwili visivyo sawa vikigusana, mkondo hutoka kwenye volti kubwa kuelekea ndogo. Betri itaisukuma adapta kinyumenyume, na siku adapta ikipiga shoti ndani, betri itamimina humo kila ilicho nacho hadi waya uyeyuke.

Diodi ni mlango wa njia moja. Kila chanzo kipe yake kwenye waya wa chanya, mstari uliochorwa kwenye diodi ukiwa upande wa ruta, na chanya zikutane baada ya diodi tu. Hasi zote ziunganishe pamoja. Hapo chanzo chenye volti kubwa ndicho kinacholisha, kingine kinasubiri.

Wengi huishia hapo, na mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza. Ukiweka diodi za aina moja pande zote mbili, betri yenye 12.7 itaishinda adapta hata umeme ukiwepo, na giza likiingia utaikuta imekwisha nyonywa. Kwa hiyo upande wa adapta naweka Schottky, aina ya diodi inayopoteza volti chache, namba 1N5822, inayokula kama volti 0.4. Upande wa betri naweka 1N5408 mbili zikifuatana, silikoni ya kawaida, kila moja ikila kama 0.8. Piga hesabu: adapta inafikisha 11.7, betri 11.1. Umeme ukiwepo adapta inaongoza; ukikatika betri inadaka papo hapo. Jua likiwa kali, 14.4 inashuka hadi 12.8 na betri ndiyo inayolisha. Sina ugomvi na hilo, jua halina luku. Tena ruta imekingwa na zile 14.4 ambazo haikutengenezewa.

Kwa vifaa vya volti 5 usifuate hesabu hizi. Volti moja na nusu ikitoka kwenye tano, hakibaki kitu.

Waya wa betri usiuchukue kwenye vichwa vya betri. Chukua kwenye matundu ya kidhibiti yaliyochorwa taa, ili kikate chenyewe kabla betri haijaisha kabisa. Waya zote mbili zitoke hapo. Vidhibiti vingi vya bei nafuu hukatia upande wa hasi, kwa hiyo ukichukua hasi kwenye betri umekiruka kidhibiti na betri itakauka. Fyuzi ya ampea 2 ikae hapohapo waya wa chanya unapoanzia, siyo kule kwenye ruta, maana inalinda waya wote. Adapta nayo usiifungue, ndani mna umeme wa ukutani. Ichomoe, ukate ule waya mwembamba wa kutolea, na chanya uithibitishe kwa mita. Rangi za waya zinadanganya.

Ruta isiwe kifaa cha kujaribia. Funga kwanza balbu ya gari ya volti 12, wati 5, chomoa na kuchomeka adapta, uone kama inafifia kidogo tu bila kuzima. Iache iwake kwa muda, kisha ziguse diodi: zikiwa vuguvugu ni sawa, zikichoma kidole tafuta kubwa zaidi.

Halafu ondoa kabisa waya wa adapta na upime pale ulipokuwa umefungwa. Mita ya dijitali inaweza kuonyesha volti 9 au 10, na mafundi vijana hukimbilia kusema diodi imekufa. Schottky huvujisha kinyumenyume umeme kidogo sana wa betri, na mita hainywi mkondo wa kutosha kuufuta uvujaji huo. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya hapo na hasi, upime tena. Ikishuka karibu na sifuri, funga ruta. Isiposhuka, diodi ni mbovu au umeigeuza.