Maneno ya akili kwa Kiingereza: yajifunze ndani ya sentensi

Mdogo wangu unayeanza kidato cha kwanza hapa Mwanza, masomo karibu yote sasa ni kwa Kiingereza, na maneno ya akili yatakusumbua mapema. Usiyaandike daftarini moja moja na maana yake. Yatungie sentensi fupi za hapa hapa kwetu.

"Brain" ni ubongo, kiungo chenyewe kilicho kichwani. Baiolojia inakitaka hicho. "Mind" ni fikra na nia. Mvuvi wa Kirumba alitaka kuingia ziwani, akaona wingu zito, akaghairi: "He changed his mind." Hapo "brain" haikai kabisa.

"Smart" iangalie sana. Waingereza mara nyingi humaanisha aliyevaa nadhifu, kama sisi tunavyosema smati. Wamarekani humaanisha mwenye akili. Kwenye insha andika "clever" au "intelligent", utaeleweka kote. "Wise" mwekee babu mwenye busara.

Jioni funika daftari, utunge sentensi mpya kwa kila neno, uzisome kwa sauti. Zinazogoma, anza nazo kesho yake kabla ya kuongeza neno jingine.