Namna ya Kutunza Harufu ya Tabakelo ya Mzee

Kosa kubwa hufanyika siku ya kugawa vitu vya marehemu. Mtu anaitoa tabakelo, kile kijikopo cha ugoro, kwenye mfuko wa kanzu, anaukung'uta ugoro uliobaki, anaiosha kwa sabuni ya kunukia na kuianika juani ing'ae. Kilichobaki hapo ni bati tupu. Harufu ilikuwa kwenye bawaba na kwenye ule utando wa kahawia uliogandamana na ukingo wa kifuniko. Maelezo haya ni ya mtu ambaye tabakelo yake haijaoshwa, na sehemu yake moja ni ya aliyechelewa.

Kabla ya yote: kunusa kunakozungumziwa hapa ni kunusa chombo na kitambaa, si kuvuta unga puani. Ugoro una nikotini na humfunga mtu kama sigara, na tumbaku isiyotoa moshi nayo husababisha saratani. Mtoto mdogo akilamba hata kidogo anaweza kutapika na kuzidiwa vibaya, kwa hivyo chupa zote zikae juu ya kabati.

Unanusa nini hasa

Ugoro wa kawaida ni majani makavu ya tumbaku yaliyosagwa na kutiwa magadi. Wengine huongeza samli au mafuta kidogo ili unga usiruke. Fungua kifuniko, utaona harufu zinakuja kwa zamu. Hutangulia ukali unaopanda hadi machoni. Huo ni amonia. Magadi yenyewe hayanuki. Kazi yake ni kuifungua amonia iliyojifunga ndani ya jani, na kuiachilia nikotini vilevile. Ukali ukishatulia ndipo hutokea tumbaku yenyewe, tamu kidogo, kati ya nyasi kavu na zabibu kavu. Chini kabisa kuna mafuta yaliyochacha na harufu ya chuma.

Ukali na utamu havipiti njia moja. Mchomo wa amonia hubebwa na neva ya trijemia, inayobeba hisia za uso, ile ile inayokuliza ukikata kitunguu, na ndiyo inayoleta chafya. Harufu hubebwa na neva ya kunusa, ambayo habari zake hufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, amigdala na hipokampasi, bila kupitia kwanza kile kituo cha thalamasi ambacho habari za macho na masikio lazima zipitie. Ndiyo maana harufu humshika mtu moyo kabla hajaweza kuitaja jina. Basi anayefungua kopo, akachomwa na kurudisha uso nyuma, bado hajanusa kitu.

Pua ya binadamu ina aina 400 hivi za vipokezi, na kila harufu hugusa kadhaa kwa mpigo. Ukipunguza kiungo kimoja, mpangilio mzima unageuka, kama biriani iliyosahauliwa zafarani. Hapa ndipo wengi hukwama: wananunua ugoro mpya sokoni, wananusa, na mzee harudi. Harudi kwa sababu mtoto aliyekaa naye barazani hakunusa ugoro peke yake. Alinusa ugoro pamoja na kikoi, jasho, mafuta ya nazi, udi wa jana na kahawa tungu.

Kuiokoa iliyopo

Tafuta chupa ya kioo ya nusu lita yenye mdomo mpana, mpya. Iliyowahi kutiwa achari haifai; raba ya kifuniko hunywa siki na pilipili, na hata uichemshe mara ngapi itabaki nayo. Plastiki nayo iache: hunywa harufu, kisha huivujisha taratibu. Kata vipande vitatu vya marikani, kila kimoja sentimita 10 kwa 10. Marikani mpya huwa na wanga, kwa hivyo ichemshe mara mbili kwa maji matupu bila sabuni, uianike kivulini mbali na jiko na mbali na chetezo.

Mwaga ugoro uliobaki juu ya karatasi nyeupe, uuhamishie kwenye kichupa kidogo cha kioo na uufunge. Pangusa unga uliolegea tu, kwa brashi kavu. Utando usiuguse. Usitumie spiriti wala kitambaa kibichi. Kisha iache tabakelo wazi, izungushie vile vipande vitatu, iingize kwenye chupa kubwa, kaza, na uiweke gizani wiki mbili.

Ukifungua, marikani itakuwa imeshika. Kipande kimoja kitie kwenye chupa yake peke yake na usikifungue tena. Hicho ni akiba. Viwili ndivyo vya kunusia. Tabakelo hurudi chupani na kubaki humo, maana kila ukiifungua inapungua, na utando ule haujitengenezi upya.

Adui wa Mombasa ni unyevu. Kazi hii ifanye wakati wa kaskazi, Januari au Februari, saa za mchana. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimepamba, usifungue hata kidogo. Ugoro ukishavuta maji hufanya mambo mawili. Kwanza huota ukungu, na kitambaa huanza kunuka gunia bichi. Hapo kimekwisha, usihangaike kukianika, kwani jua litaondoa ukungu na harufu pamoja. Pili, kama tabakelo ni ya aluminiamu, magadi yaliyolowa huila. Utaona unga mweupe kwenye pembe. Huo si ukungu, ni aluminiamu inayolika, na dawa yake ni kuutoa ugoro wote siku hiyo hiyo. Kile kifuko cha chembechembe kinachokuja ndani ya sanduku la viatu husaidia, lakini kiweke siku mbili tu, kwa sababu hakichagui: hunyonya maji na hunyonya harufu.

Tabakelo ya pembe hushika harufu vizuri, ila wadudu huipenda. Hata hivyo usiweke nafthalini. Tembe moja ya nafthalini ndani ya kabati yatosha kuizika miaka 40 ya mzee.

Aliyechelewa

Nunua tumbaku ya majani, si ya kusagwa. Vaa glavu, kwani nikotini ya jani lililolowa hupenya kwenye ngozi na kukutia kichefuchefu. Vunjavunja gramu 10, tia magadi ya jikoni robo kijiko cha chai, matone manne ya maji na matone mawili ya samli iliyoyeyushwa. Funga kwenye chupa siku moja. Ikikutoa machozi, magadi au maji yamezidi. Acha wazi dirishani saa moja, amonia itaondoka. Ikinuka nyasi tupu, ongeza magadi kwa ncha ya kisu.

Hii bado ni nusu ya kazi. Andaa chupa nyingine ndogo ndogo: kipande cha marikani kilichofukizwa udi kwa muda mfupi tu, kingine chenye tone moja la mafuta ya nazi, punje chache za kahawa iliyokaangwa na kipande cha tangawizi kavu. Zishike mbili au tatu pamoja chini ya pua, ubadilishe moja moja. Waite ndugu, kila mtu anuse peke yake, aseme bila kumsikiliza mwenzake. Mara nyingi kinachokosekana ni kitu ambacho hakuna aliyekihesabu, kama mafuta ya taa au kamba ya katani.

Ikiwa mzee alitumia ugoro wa kopo kutoka Ulaya, utafute mentholi, waridi, bergamoti (tunda la jamii ya chungwa) au tonka (mbegu inayonukia kama vanila). Mentholi huruka upesi, kwa hivyo kopo kuukuu lisiponuka baridi haimaanishi kwamba halikuwa nayo.

Siku ya kunusa

Chagua asubuhi kabla ya chai, feni imezimwa, hakuna aliyejipaka manukato. Anza na chupa ikiwa umbali wa shubiri moja, subiri ukali upite, kisha isogeze. Vuta pumzi fupi tatu kwa pua, mdomo umefungwa, ufunike. Pumzika dakika mbili. Pua huchoka upesi, na ukirudia mara ya nne utakuwa unanusa hewa tu. Wengine hunusa kahawa ili kuifungua pua. Inaongeza harufu nyingine tu. Nusa mkono wako mwenyewe.

Unayemnusisha asiambiwe ni nini. Ukisema, “Hii ni ya babu, unamkumbuka?” atakukumbushia hadithi anayoijua tayari. Uliza, “Bibi, hii yakupeleka wapi?” kisha nyamaza. Akishataja mahali, uliza ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa karibu, sakafu ilikuwa ya nini. Kumbukumbu za harufu mara nyingi ni za utotoni, kabla ya miaka kumi, na huja kama chumba au mwanga, si kama kisa chenye mwanzo na mwisho. Andika neno kwa neno wakati huo huo. Asiponusa kitu, usimlazimishe. Pua hufifia na umri. Akilia, funika chupa na umletee maji.

Mara moja kwa mwezi yatosha. Harufu ikizoeleka haimshtui mtu.

Kila chupa iwe na karatasi yenye jina la mwenyewe na tarehe, iliyoandikwa kwa penseli na kufungwa nje kwa uzi wa pamba. Wino wa kalamu nene hunuka spiriti, na gundi ya lebo ina harufu yake.