Kabla Hujamlaumu Lucas: Umeme wa Land Rover ya Zamani Ukianza Ukorofi

Mwenye Land Rover ya zamani hapa Tanga anapambana na vitu viwili: uzee wa nyaya na chumvi ya bahari. Gari lililotoka Solihull miaka ya 1970, likalala miaka na miaka kwenye banda la shamba la mkonge, kisha likaja kuegeshwa Raskazone upepo wa kaskazi ukilipiga usoni, halitakosa kukuzimia taa siku moja. Siku hiyo ikifika usikimbilie duka la vipuri, wala kumlaumu Lucas, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya. Soma haya kwanza. Mengine utayaona ya kitoto, yapite. Ila pale nitakapokawia, kawia nami, maana pamenigharimu.

Hakikisha unaweza kukata betri haraka. Spana ya vichwa vya betri ikae ndani ya gari, mahali ambapo mkono unapajua hata gizani, na nati zenyewe ziwe zinafunguka. Kama zimeganda kwa kutu, zilainishe leo, usingoje siku ya moshi. Ukiweza, funga swichi ya kukatia betri kabisa. Vua pete na saa ya chuma kabla hujaingiza mkono.

Jua gari lako lina ethi ya upande gani, yaani ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye chuma cha gari ili umeme urudie hapo. Waingereza kwa miaka mingi walikuwa wakifunga chanya ya betri kwenye bodi, siyo hasi. Morris Minor ni hivyo, Mini za mwanzo ni hivyo, na Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 vilevile. Series III, iliyoanza kutoka 1971, ni ethi hasi kama magari ya leo. Usitegemee maneno ya aliyekuuzia. Fuata ule waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye chuma, uone umeanzia kwenye alama gani. Ukiunga betri kinyume kwenye gari lenye altaneta, daiodi zake zinakufa papo hapo, na redio inazifuata.

Uwe na mita. Taa ya testa inafaa, lakini itakuambia tu kwamba moto, yaani umeme, upo, haitakuambia ni kiasi gani, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Betri iliyojaa, gari limezimwa, isome volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma kwa mwendo wa wastani isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji au mkanda umelegea. Ikipanda 15, betri inakaangwa.

Jifunze rangi. Katika hili Waingereza walitufanyia hisani, kwani rangi hizohizo wamezitumia kwenye magari chungu nzima. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, haujapita kwenye fyuzi yoyote, kwa hiyo ukigusa bodi hakuna wa kuuzuia. Nyeupe unapata moto ukiwasha swichi. Kijani ni ule wa nyeupe baada ya kupita kwenye fyuzi. Zambarau umepita kwenye fyuzi lakini una moto muda wote. Bluu ni wa taa kubwa, nyekundu ni wa taa ndogo za mbele na za nyuma, nyeusi ni ethi. Waya wenye mstari wa rangi ya pili ni tawi la ukoo huo: kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, kijani chenye mweupe ni ya kulia. Ukizijua hizo umeshajua nusu ya gari.

Shida ni kwamba gari lako limepita mikononi mwa watu. Utafungua dashibodi ukute waya mmoja mwekundu wa kufungia nyumba umetoka kwenye swichi, umepita kwenye waipa, ukaishia kwenye honi. Waya wa nyumba una uti mmoja mgumu, gari linatikisika, na baada ya muda unakatika ndani ya plastiki yake bila wewe kuona. Ukikuta wa namna hiyo, uondoe hata kama leo unafanya kazi.

Fyuzi nazo zina mtego. Zile za kioo za Lucas zilizoandikwa 35, namba hiyo ni ampia za kuungulia. Za kubeba muda wote ni 17 tu. Kwa hiyo ukinunua fyuzi ya aina nyingine iliyoandikwa 35 na hiyo 35 ndiyo ya kubeba, umeweka mlinzi mwenye usingizi mzito mara mbili. Anayefunga karatasi ya sigara badala ya fyuzi sina la kumwambia, tutaonana kwenye moshi.

Halafu kuna hitilafu zinazokuja na kuondoka. Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo, na nyaya za Lucas zimeuzoea mji. Asubuhi indiketa haifanyi kazi, mchana inafanya, ukimfikia fundi inawaka kama mpya na yeye anakutazama usoni. Hapo usianze kubadilisha vitu. Tafuta viunganishi: vile vichwa vidogo vya duara vinavyochomekwa pande mbili kwenye kibomba cha mpira. Vikishaingiwa na hewa ya chumvi ndani hugeuka kijani. Chomoa kimoja kimoja, sugua kwa msasa laini, pakaa grisi kidogo, rudisha. Ni kazi ya Jumapili nzima, nami sijaona aliyeifanya akajuta.

Sasa ethi. Hapa nikae kidogo.

Nilibadilisha klachi. Fundi alikuwa mzuri wa klachi, na kwenye klachi sina la kumsema. Wiki ileile stata ikaanza uvivu: ukigeuza ufunguo inaguna kama mtu anayeamshwa kula daku, kisha inakubali. Nikasema betri hiyo. Nikanunua mpya. Siku mbili ikawa afadhali, kwa sababu betri mpya ina nguvu ya kujipenyeza hata kwenye njia mbovu, ndiyo maana huwa inadanganya. Siku ya tatu uvivu ukarudi. Nikasema basi stata. Ikafunguliwa, ikabadilishwa kaboni na bushi, ikafungwa. Hali ileile. Nikaanza kumtukana Lucas, ambaye hata kwao wanamtania kwa jina la Bwana wa Giza.

Jumamosi moja tulikuwa na harusi Pangani. Nyuma amepanda mama mkwe, mashangazi wawili, na sufuria la pilau lililofungwa kanga. Nikavuta choki, nikageuza ufunguo. Ikaguna. Nikarudia. Ikaguna. Mara ya tatu nikataka kurudisha choki ndani, nikashika kishikio nikakiachia: cha moto. Sijakaa sawa, moshi ukatoka nyuma ya dashibodi na harufu ya plastiki ikajaa. Shangazi mmoja akasema kwa upole wa ajabu, "Baba, hivi hilo ndivyo lilivyo?" Nikafungua boneti. Waya wa choki ulikuwa umeiva kama kaa la mkaa, na nyaya za taa zilizofungwa pamoja nao zilikuwa zinayeyuka.

Spana ya betri? Nyumbani, kwenye kopo. Nikaazima kwa kijana wa bodaboda, nayo ikazungukia kwenye kutu. Mpaka betri inatoka, nusu ya nyaya za mbele zilikuwa zimeshikana donge moja. Pangani tulikwenda kwa daladala, pilau nimelipakata mwenyewe.

Aliyelimaliza jambo ni mzee mmoja wa Ngamiani, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye karakana za mashamba ya mkonge. Nikamwamkia, nikaanza hadithi yangu ya betri na stata. Akanikatiza.

"Klachi imeguswa lini?"

"Mwezi uliopita, mzee."

Akalala chini ya gari, hata dakika mbili hazikufika, akatoka akijipangusa.

"Moto umekwenda kwenye stata, sawa. Umerudia wapi, mwanangu?"

Kuna mkanda wa shaba iliyosukwa unaotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye chesisi. Ili ushushe giaboksi lazima uufungue. Ulifunguliwa, haukurudishwa. Bolti yake ilikuwepo, imekazwa vizuri kabisa, ila haikushika kitu.

Na injini ya gari hili imekalia mipira. Haigusani na chesisi kwa chuma, na kwenye gari langu waya wa hasi wa betri umefungwa kwenye chesisi. Stata inakula ampia mia na zaidi, na zote zilizokwenda lazima zirudi betri. Ukizinyima njia yao zinajitafutia: zinapita kwenye waya wa choki, kwenye kebo ya spidi, popote chuma kilipogusa injini upande mmoja na bodi upande wa pili. Waya wa choki umewekwa pale kuvuta kabureta tu. Ukiupa ampia za stata, unakuwa kama koili ya jiko la umeme.

Kipimo chake ni hiki. Mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri (kwenye kichwa chenyewe, siyo kwenye klipu), ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Isizidi nusu volti. Kwangu mita iliruka ikapita 6, na mzee akapiga kelele niachie ufunguo. Baada ya mkanda mpya ilisoma 0.2. Kama huna mita, chukua waya mmoja wa kubusti, funga kwenye hasi ya betri na kwenye injini. Stata ikichangamka ghafla, mgonjwa umeshampata. Bei ya ule mkanda haikufika nauli ya wale mashangazi kwenda na kurudi. Betri, stata na nyaya za mbele sitaki kuzijumlisha.

Kwa hiyo kila gari likitoka kushushwa injini au giaboksi, ingia chini mwenyewe ukauone mkanda kwa macho. Usiulize. Ukiuliza utaambiwa upo.

Ethi hiyohiyo inaleta vituko vingine vidogo. Ukikanyaga breki na indiketa ya nyuma ikafifia, au taa ndogo ikapepesa pamoja nayo, taa ile imekosa njia ya kurudia na inaazima ya jirani. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, chesisi ni ya chuma, na vitu hivyo viwili vikikutana na chumvi vinalana. Fungua taa, kwangua mpaka chuma king'ae, funga upya. Geji ya mafuta na ya joto zikipanda pamoja mpaka mwisho, usishangilie tangi kujaa wala usiogope injini. Nyuma ya dashibodi kuna kidude kinachozishushia volti hadi 10, nacho pia kinataka ethi.

Mengineyo unayajua. Piga picha kabla hujachomoa waya wowote. Usivute sigara juu ya betri inayochajiwa. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe mbele, siyo chini ya mizigo. Usiruhusu watu wakuoshee injini kwa pampu, hasa wakati wa masika. Usiwape mafundi wawili gari moja siku moja. Usisafiri usiku na gari ulilolifunga jioni. Na mita usiazimishe. Yangu iko Muheza tangu mwaka juzi.