"Tempt", "lure" na "seduce" si neno moja
Unapotafsiri "kushawishi" kwa Kiingereza, usikimbilie neno la kwanza unalokutana nalo kwenye kamusi. "Tempt" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kujaribu, na linakaribiana sana na "majaribu" yetu, ndiyo maana mtu aliyekuwa "tempted" huenda alishinda na hakutenda lolote. "Lure" lina mtego ndani yake: zamani lilikuwa jina la fungu la manyoya ambalo mwindaji alilizungusha hewani ili kipanga wake arudi, na hadi leo ni jina la chambo bandia cha mvuvi, kwa hiyo ukiandika kwamba mtoto alikuwa "lured" na mgeni, msomaji huiona hatari papo hapo. "Entice" ni pole zaidi, nalo hufaa hata kwa harufu ya chakula. Ninalosisitiza zaidi ni "seduce", ambalo kwa asili ni kumwongoza mtu kando: wengi hulitumia kwa "kutongoza", ilhali anayetongozwa anaweza kukataa, lakini aliyekuwa "seduced" tayari amekwisha kubali.